Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Wasomaji wapenzi, hamjambo nyote? Najua mtajibu, "Hatujambo." Ndiyo desturi yetu, na ni desturi njema. Mtu aweza kuwa na homa, mguu umevimba, na tangu jana hajatia kitu mdomoni. Lakini ukimwamkia atasema kwanza, "Sijambo," ndipo baadaye, polepole, ataongeza, "ila mguu kidogo." Wazee wetu walitufundisha kwamba si adabu kumtwika mgeni taabu zako kabla hajaketi.

Desturi hiyo yafaa sana barazani. Lakini mbele ya mganga wa hospitali yaweza kutuletea hasara, nasi juma hili twataka kuona jinsi gani. Tutatwaa mfano mmoja: ugonjwa wa vyumba vya hewa vilivyo kando ya pua, ambao siku hizi watu huuita sainasi, na upasuaji wake. Tutaona jinsi waganga wa Uingereza walivyojifunza kwamba baada ya kumpasua mtu hawawezi kujua kama wamemsaidia mpaka wamwulize mwenyewe, tena wamwulize kwa utaratibu.

PUA NA VYUMBA VYAKE

Wengi hudhani nyuma ya uso kuna mfupa mtupu. Sivyo. Mifupa ya uso ina vyumba vya hewa, jozi nne. Jozi moja imo katika paji la uso, juu ya macho. Ya pili imo mashavuni. Ya tatu imo kati ya macho, nayo ni vijumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Ya nne imo ndani zaidi, nyuma kabisa ya pua. Kila chumba kina tundu dogo la kutokea puani. Kuta zake zimefunikwa na ngozi laini yenye majimaji, na juu ya ngozi hiyo mna vinyweleo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo usiku na mchana hufagia kamasi kuelekea tundu hilo.

Sasa fikirini mfereji wa shamba. Takataka zikiuziba, maji hutuama na kunuka. Ndivyo ilivyo hapa. Ngozi ikivimba, tundu huziba, kamasi hukaa ndani na kuwa nzito. Mafua ya kawaida huisha kwa siku saba au kumi hivi. Lakini mtu akikaa majuma 12 au zaidi huku pua imeziba, kamasi zamtoka au zashuka kooni, uso ni mzito au wamuuma, na harufu haisikii, basi mganga atashuku ugonjwa wa muda mrefu wa vyumba hivyo. Wengine huota vinyama laini ndani ya pua, mfano wa zabibu, na watu husema, "Fulani ana nyama za pua."

Ugonjwa huu si kama homa kali impigayo mtu chini kwa siku moja. Humla mtu kidogo kidogo. Mama hasikii harufu ya maharage yanayoungua jikoni. Baba hulala kinywa wazi, na alfajiri huamka amechoka kana kwamba alilima usiku kucha. Kijana huona haya kuketi karibu na wenzake kwa sababu ya kupenga kamasi kila mara. Jirani akiwatazama atasema, "Ni mafua tu." Lakini wazee walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

KISU CHA ZAMANI NA CHA SIKU HIZI

Kabla ya kisu huja dawa. Mgonjwa huoshwa pua kwa maji ya chumvi, hupewa dawa ya kupuliza puani ya kupunguza uvimbe, na wengi hupata nafuu hapo. Dawa zikishindwa ndipo mganga anapotaja kupasua.

Mwaka 1893 George Caldwell wa New York, na mwaka 1897 Henri Luc wa Paris, kila mmoja alieleza njia ya kuingia chumba cha shavuni kwa kukata ufizi juu ya meno ya juu na kutoboa mfupa. Njia hiyo ilisaidia watu, lakini shavu lilivimba, na wengine walibaki na ganzi mdomoni na mashavuni.

Baadaye Walter Messerklinger, mganga wa mji wa Graz katika Austria, alichunguza kwa makini mwendo wa kamasi. Aliona jambo la ajabu: vinyweleo hupeleka kamasi kwenye tundu la asili, hata kama mpasuaji ametoboa tundu jingine kubwa pembeni. Basi, ya nini kuvunja ukuta? Afadhali kufungua mlango wenyewe. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu Harold Hopkins, mtaalamu wa Uingereza, mwaka 1959 alibuni namna ya kutengeneza darubini nyembamba kwa vijiti vya kioo, inayoonyesha mambo ya ndani kwa mwanga mzuri. Mnamo mwaka 1985 David Kennedy wa Baltimore, Marekani, aliieneza njia hiyo katika nchi yake.

Leo mpasuaji huingia kwa matundu ya pua yenyewe. Uso haukatwi. Mgonjwa hulazwa usingizi kwa dawa, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile au kesho yake.

JE, AMEPONA?

Hapa ndipo penye neno letu. Kazi imekwisha, damu imekauka, majuma yamepita. Mganga anatazama kwa darubini: mlango u wazi. Anafurahi. Je, aandike kwamba mtu amepona?

Tena iko picha ya CT, ionyeshayo vyumba vyote kwa ndani. Mwaka 1993 Valerie Lund na Ian Mackay wa London walitangaza namna ya kuipa picha hiyo alama, tangu 0 kwa vyumba visafi mpaka 24 kwa vyumba vilivyoziba vyote. Ni kipimo kizuri, nacho hutumika hata leo. Lakini waganga walipolinganisha alama za picha na taabu za watu, waliona kwamba haviendi pamoja sana. Huyu picha yake ni mbaya, naye analima na kuimba. Yule picha yake ina dosari kidogo tu, lakini hana usingizi. Picha huonyesha kilichomo ndani ya mfupa. Haionyeshi maisha ya mtu.

Wazo la kumfuata mgonjwa baada ya kutoka hospitali si la jana. Ernest Codman, mpasuaji wa Boston, Marekani, alilitetea zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alisema kila hospitali imfuate kila mgonjwa muda wa kutosha ili kujua kama matibabu yamemfaa. Na kama hayakumfaa, iulizwe kwa nini. Mwaka 1911 alifungua hospitali yake ndogo, akamwekea kila mgonjwa kadi, na akatangaza hadharani matokeo pamoja na makosa. Wenzake wengi walichukizwa, maana nani apendaye makosa yake yaandikwe? Codman alifariki mwaka 1940. Leo waganga wengi wanamheshimu kuwa mmoja wa watangulizi.

KARATASI YA MASWALI 22

Lakini kumwuliza mtu "U hali gani?" hakutoshi. Atajibu, "Sijambo," na mazungumzo yamekwisha. Yafaa maswali yawe maalumu, yale yale kwa kila mtu, na majibu yaweze kuhesabiwa.

Mwaka 2002 Jay Piccirillo na wenzake wa St. Louis, Marekani, walitangaza karatasi ya maswali 20 kwa wagonjwa wa pua. Waingereza waliitumia, wakaona imepungukiwa mambo mawili makubwa: kuziba kwa pua, na kukosa harufu au ladha. Wakayaongeza. Mwaka 2009 Claire Hopkins na wenzake walitangaza kwamba wameipima karatasi hiyo na kuiona yafaa. Huitwa SNOT-22, na leo hutumika katika nchi nyingi.

Mgonjwa hufikiri juu ya majuma mawili yaliyopita, kisha hujibu maswali 22. Mengine ni ya pua yenyewe: kupenga kamasi, kupiga chafya, kuziba. Mengine ni ya masikio na uso: masikio kujaa, kizunguzungu, maumivu ya uso. Mengine ni ya usingizi: je, walala upesi, waamka usiku, waamka umechoka? Na mengine hugusa moyo na kazi: je, wafanya kazi pungufu, wakasirika upesi, una huzuni, waona haya?

Kwa kila jambo mtu hutoa alama. Sifuri maana yake hakuna taabu, moja, taabu kidogo mno, mbili, kidogo, tatu, ya kadiri, nne, kubwa, tano, haiwezi kuzidi hapo. Maswali 22 mara 5 ni 110, na hicho ndicho kikomo cha juu. Mtu mwenye afya naye hupata alama chache, maana nani asiyepiga chafya? Watafiti waliona kwamba alama za mtu wa kawaida asiye na ugonjwa huo ni kama 7.

Karatasi hujazwa kabla ya kupasuliwa, na tena miezi kadhaa baadaye. Kisha hulinganishwa. Tuseme mama mmoja alikuwa na alama 50, na baada ya miezi mitatu ana 30. Zimepungua 20. Mwenzake alikuwa na 50, sasa ana 46. Zimepungua 4 tu. Watafiti waliona kwamba nafuu huanza kutambulika na mgonjwa mwenyewe alama zikipungua karibu 9. Basi mama wa kwanza amesaidiwa kweli. Wa pili sharti aulizwe zaidi, hata kama tundu lake la pua lapendeza machoni pa mpasuaji.

WALIYOYAONA UINGEREZA

Katika miaka ya 2000 na 2001 hospitali 87 za Uingereza na Wales ziliandikisha wagonjwa 3,128 waliopasuliwa kwa ajili ya ugonjwa huu na nyama za pua. Waliulizwa kabla ya kupasuliwa, kisha wakafuatwa kwa maswali kwa muda wa miaka 5.

Kabla ya kisu wastani wao ulikuwa alama 42 hivi. Baada ya miezi 3 ulishuka mpaka 25.5. Baada ya mwaka mmoja ulikuwa 27.7, baada ya miaka 3, 27.7 tena, na baada ya miaka 5, 28.2. Maana yake nini? Kwanza, upasuaji uliwasaidia, na faida haikupotea baada ya mwaka mmoja, bali ilidumu. Pili, wengi hawakurudi kuwa kama mtu asiyewahi kuugua, maana 28 bado ni mbali na 7. Tatu, wenye nyama za pua walipata nafuu kubwa kuliko wasio nazo. Nne, kati ya waliojibu mwisho wa miaka 5, watu 19 hivi katika kila 100 walikuwa wamepasuliwa tena.

Angalieni thamani ya maneno hayo. Mgonjwa wa leo akiuliza, "Bwana Mganga, nikikubali kisu nitapata nini?" mganga aweza kumjibu kwa haki: "Yaelekea utapata nafuu kubwa, lakini pengine si yote. Utaendelea na dawa. Na huenda baada ya miaka kadhaa ukahitaji kupasuliwa tena." Jibu hilo halikutoka kwenye darubini wala kwenye picha. Lilitoka kwa watu wa kawaida walioketi nyumbani kwao na kalamu, wakaandika kweli.

Lakini wastani nao una hila yake. Ndani ya wastani wamo waliopona sana na wamo wasiopata kitu. Tena mtu aliyeanza na alama chache hana pa kushukia, hivyo mganga mwenye busara hatakimbilia kumpasua.

Na kuna jambo jingine. Baada ya miaka 5 waliojibu walikuwa 1,459 tu, yaani pungufu ya nusu ya wote walioandikishwa. Wengine walikuwa wapi? Katika kazi kama hizi wako wanaohama, wako wanaofariki, wako waliopona wakasahau hospitali, na wako waliokata tamaa wasione faida ya kuandika. Nani ajuaye wasiojibu walikuwa na hali gani? Watafiti hulazimika kusema kwa uangalifu. Asiyejibu huacha shimo katika hesabu, na shimo hilo hakuna awezaye kulijaza kwa kubahatisha.

MZEE NA NG'OMBE WA UKOO

Sasa turudi kwetu. Wapo wagonjwa wa vijijini wanaopelekwa hospitali kubwa na kupasuliwa pua. Tufikiri juu ya mzee mmoja aliyerudi kuonwa baada ya miezi mitatu. Mganga ni kijana wa umri wa wanawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pua yaendeleaje?"

"Ah, sijambo. Ahsante sana, mmenisaidia mno."

"Harufu wasikia?"

"Namshukuru Mungu."

"Na usingizi?"

"Usingizi ni wa kizee tu, mwanangu."

Mganga anaandika: Hajambo. Mzee anatoka. Nje amekaa mkewe, aliyekuja naye kwa basi. Yeye ndiye ajuaye kwamba mzee huketi kitandani nusu ya usiku akihema kwa kinywa, na kwamba juzi alikula mboga iliyochacha asijue kwa kuwa hakusikia harufu. Lakini yeye hakuulizwa, na mzee mwenyewe hakusema.

Je, mzee ni mwongo? Hasha! Ana adabu, naye hataki kumvunja moyo kijana aliyemtibu kwa upole. Lakini liko neno zito zaidi. Ndugu zake waliuza ng'ombe wa ukoo ili apasuliwe. Mwanawe aliacha kununua mbegu. Mzee anafikiri moyoni, "Nikisema bado naumwa, watasema ng'ombe wetu amepotea bure." Basi anaubeba ugonjwa wake pamoja na deni la shukrani, na vyote viwili avificha.

Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na katika habari hii waliopata hasara ni watatu. Wa kwanza ni mzee mwenyewe. Huenda nyama za pua zimeanza kuota tena. Au haoshi pua kama alivyoagizwa, kwa kuwa hakuelewa. Au dawa ya kupuliza imekwisha. Hayo yote yana msaada, lakini anayesema amepona hapewi dawa. Wa pili ni mganga. Ataendelea kufanya vile vile, akidhani njia yake haina dosari. Wa tatu ni jirani atakayefuata, ambaye naye atauza ng'ombe wake kwa kutumainia habari zisizo kamili.

Nanyi ndugu mliochanga, hapa mna wajibu. Mgonjwa arudipo nyumbani, msimwulize, "Umepona?" kwa sauti ya mtu anayedai fedha zake. Mwambieni waziwazi: "Ng'ombe tulimtoa ili utibiwe. Hukutuwekea ahadi ya kupona. Sema ulivyo." Neno hilo laweza kumfungua kinywa kuliko maswali ya hospitali.

NAMNA YA KUJIBU

Ukipewa karatasi ya maswali hospitalini, ya pua au ya ugonjwa mwingine, shika mambo haya.

1. Jibu juu ya siku zile zilizotajwa. Wakisema majuma mawili yaliyopita, usiwaze mwaka jana wala usiwaze jana tu.

2. Usipunguze kwa haya, wala usiongeze ili upewe dawa upesi. Anayeandika 5 kila mahali humfumba macho mganga sawa na anayeandika 0 kila mahali.

3. Usiruke maswali ya moyo. Huzuni, hasira na haya si mambo ya upuuzi. Mtu asiyelala vizuri kwa mwaka mzima lazima moyo wake uathirike.

4. Kama husomi, omba usomewe, lakini jibu liwe lako. Mjukuu asiseme, "Bibi, hapa nitaweka mbili." Amsomee bibi, angoje, kisha aandike bibi alivyosema. Na msomaji awe mtu ambaye bibi hamwonei haya.

5. Kama huelewi neno, uliza. Karatasi iliyotungwa kwa Kiingereza haifai kutafsiriwa neno kwa neno. Kazi nzuri hufanywa hivi: mmoja hutafsiri, mwingine asiyeiona karatasi ya kwanza huirudisha katika Kiingereza, hulinganishwa, kisha wagonjwa wenyewe huulizwa wameelewa nini. Ukiona swali halina maana katika maisha yako, sema hivyo. Huko nako ni kujibu.

6. Rudi siku uliyoagizwa hata kama umepona. Aliyepona asiporudi, mganga hubaki na walalamikaji tu na kudhani kazi yake yote ni mbovu. Asiyepona asiporudi, mganga hudhani wote wamepona.

Na kama hakuna karatasi? Jamaa yaweza kuweka yake. Chukueni daftari la shule. Andikeni mambo matano yanayomsumbua mgonjwa kuliko mengine, kwa mfano: pua kuziba, harufu, usingizi, maumivu ya uso, uchovu wa kazi. Kabla ya kwenda kupasuliwa, kila jambo lipewe alama tangu 0 mpaka 5. Asiyejua tarakimu na atumie punje tano za mahindi: aweke mkononi punje kadiri ya taabu yake. Andikeni tarehe. Fanyeni tena baada ya mwezi mmoja, baada ya mitatu, na baada ya mwaka. Siku ya kwenda hospitali mchukueni daftari hilo. Halitakuwa SNOT-22, lakini litasema mengi kuliko "sijambo."

MAMBO YASIYONGOJA KARATASI

Karatasi hupima taabu, haitambui ugonjwa. Kikohozi kilichozidi majuma mawili kipimwe kifua kikuu. Pua iliyoziba upande mmoja tu, hasa ikitoa damu, ionwe na mganga mapema.

Na aliyepasuliwa, au mwenye ugonjwa huu, akiona haya asingoje siku ya kuagana: jicho kuvimba au kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma sana pamoja na homa na shingo kukaza, damu nyingi isiyokoma, au maji maangavu kama ya kisima yanayodondoka puani bila kukoma. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mintarafu ya kuosha pua: maji yachemshwe, yapoe, ndipo yatiwe chumvi kwa kipimo alichoonyesha mganga. Maji mabichi ya mto, ya kisima au ya bomba yasitiwe puani hata kidogo, maana yaweza kuwa na vijidudu vya hatari. Chombo nacho kisafishwe na kukaushwa.

Haya, wasomaji wapenzi, tumefika mwisho. Mpasuaji amesoma miaka mingi na mkono wake ni hodari. Anajua njia za mfupa gizani. Lakini usiku, taa ikizimwa, yeye hayuko kitandani pako. Wewe uko. Basi akikuuliza habari za kunguni, mwambie ni wangapi na wanauma wapi. Heshima yake haitapungua, wala yako. Na atakapokuja mgonjwa mwingine kutoka kijiji kingine, akauliza kama kisu kile chafaa, jibu lako litakuwa sehemu ya jibu lake.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.